Manukato ya Mtarakwa Ni ya Nani?

Kuna jambo ninaloona haya kulisema mbele ya wenzangu wa jarida hili. Sisi tukikutana huwa tunazungumza mambo mazito: ajira, siasa, na ule ubishi usiokwisha wa vina na mizani. Mimi leo nataka kuzungumzia pafyumu. Kwa miezi minne mizima nilikuwa nikitoka nyumbani asubuhi nimejipaka manukato yanayonukia kama penseli.

Usicheke kwanza. Rudi darasa la pili. Umeshika nusu ya wembe, jambo ambalo mwalimu amelikataza, unachonga penseli juu ya dawati, na kile kiganda chembamba cha mbao kinajikunja kikiangukia mapajani. Ukikiokota na kukileta puani unapata harufu kavu, yenye utamu kidogo, lakini si utamu wa pipi wala wa ua. Kama kabati la mtu msafi. Si penseli zote, bwana. Nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mbao nyepesi zisizonukia kitu. Lakini ukibahatika kuipata ile yenyewe, unajua ninachosema.

Mimi niliipata Kariakoo, kwa vijana wanaouza pafyumu za kupima. Muuzaji alikuwa wa umri wangu, nyuma yake chupa zimepangwa hadi juu, mkononi ana bomba la sindano la kuvutia mafuta. Nilikuwa nataka kitu cha kawaida tu cha kwendea kwenye usaili. Akanipaka tone kwenye kifundo cha mkono. "Hii ya mbao, braza. Wanachukua watu wazito." Nikamwuliza ni mbao gani. "Mwerezi wa Lebanoni," akajibu bila kupepesa macho. Sikuendelea kumhoji. Nilikuwa nimesimama katikati ya mikokoteni na matusi ya wapagazi, lakini pua yangu ilikuwa Lushoto, kwenye karakana ya baba, nina miaka saba, nimekalia rundo la maranda.

Baba alikuwa seremala. Alifariki mwaka 2019. Kazi yake ya kila siku ilikuwa milango na vitanda vya mbao za paina, kazi ya kupatia unga. Lakini kila aliposikia kuna nyumba ya zamani inabomolewa, alikwenda kununua mbao za mtarakwa, mti ambao kwetu tunauita mwangati. Zilikuwa mbao zilizokwisha kutumika miaka mingi, zimepauka kama mifupa, zimejaa matundu ya misumari. Akizipitishia randa mara mbili tatu, wekundu ulijitokeza, na harufu nayo ikatoka kana kwamba mti umekatwa jana. Alizitengenezea makasha ya nguo, akiwaambia wateja kwamba nondo hawaingii humo. Jioni shati lake lilikuwa na harufu hiyo, na sisi watoto tulijua amefika kabla hajapiga hodi.

Sasa swali ndilo hili, na halijaniacha nilale vizuri: nina haki gani ya kununua harufu ya baba yangu kwa shilingi elfu tano?

Rafiki yangu mmoja, ambaye naye huandika humu na simtaji jina kwa kuwa atajijua mwenyewe, ana msimamo mkali. Anasema manukato yote ni uongo. Mtu na anuke alivyo. Nilimwambia basi aanze kwa kuacha sabuni. Tukacheka, lakini hoja yake ina mzizi. Baba hakujipaka mtarakwa. Harufu ile ilimpata kazini, kama sugu za viganjani. Mimi sijawahi kupasua hata ubao mmoja, halafu naivaa kwenda usailini nionekane mtu mzito. Ni kama mtu anunue sugu dukani, abandike mikononi, apeane mikono na wakulima.

Nimeizungusha hoja hiyo kichwani kwa muda mrefu, na ilinilazimu nijue kwanza kilichomo ndani ya kichupa.

Kuhusu jina, yule muuzaji hakukosea sana kuliko wakubwa zake. Mwerezi wa Biblia, ule ambao Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani kwa ajili ya hekalu, ni wa ukoo mmoja na mwerezi wa milima ya Atlas huko Moroko. Mtarakwa wetu hauko katika ukoo huo. Ni jamaa wa mti mwekundu wa Virginia, Marekani, ambao kwa miaka mingi ndio uliotengenezewa penseli. Waingereza wameiita yote kwa jina moja. Majani hayafanani, matunda hayafanani. Kinachofanana ni kile unachokipata ukiupasua na kuinama. Basi jina lile ni la harufu zaidi kuliko la mti, na ndiyo maana Lebanoni ya muuzaji na Lushoto ya baba ziliweza kukutana kwenye mkono wangu.

Na harufu yenyewe haikai kwenye ua wala jani. Hukaa kwenye kiini, ile sehemu nyekundu ya ndani ya gogo. Kiini ni sehemu ya mti iliyokwisha kufa. Maji hayapandi tena kwa njia hiyo. Kabla ya kuiacha ife, mti huijaza mafuta ambayo kuvu na wadudu hawayapendi. Yaani sisi tunaita manukato kitu ambacho kwa mti ni silaha. Ndiyo maana nguzo ya mtarakwa hukaa ardhini miaka na miaka huku mchwa wakiipita wakienda kula ya jirani. Mwaka 1954 kando ya piramidi kubwa ya Misri walifukua jahazi la Farao Khufu, sehemu kubwa ya mbao zake ni mwerezi wa Lebanoni. Lilikuwa limelala shimoni miaka ipatayo 4,500, na mbao bado zilikuwa mbao; ziliunganishwa upya na chombo kikasimama.

Hapo nadhani ndipo ulipo mvuto wake. Asumini ya jioni hupendeza kwa sababu asubuhi itakuwa imesinyaa, na anayeivaa nyweleni anajua. Mtarakwa huvuta kwa njia nyingine kabisa. Ni harufu ya kitu kilichokataa kuoza. Hauchangamshi, haukurukii puani kama yale manukato ya sukari. Unakaa tu hapo, umenyooka, kama mzee aliyekuja kusalimia na hana haraka. Wauzaji wengi huiweka kwenye rafu ya wanaume, jambo la upuuzi. Mwaka 1992 Serge Lutens, Mfaransa aliyehamia Marrakech, alitoa pafyumu ya wanawake iliyojengwa juu ya mwerezi wa Atlas, Féminité du Bois, na watu wanaoijua kazi hiyo wanaitaja hadi leo. Mbao haina jinsia. Lakini aliyefiwa huitambua upesi kuliko wengine. Mtu ambaye amemzika mzazi na kuona ardhi inavyofanya kazi yake haraka, akinusa kitu kilichoikatalia ardhi, atasimama.

Ila asumini hutoa ua leo na kesho ukatoa lingine. Kiini hakipatikani mpaka shoka lipite.

Nimekulia chini ya ushahidi wa jambo hilo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa Mjerumani, kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kule juu Shume, na mbao za mtarakwa ziliteremshwa kwa waya zikining'inia juu ya mabonde hadi Mkumbara, zikapakiwa kwenye reli kuelekea Tanga na melini. Nyingine ziliishia kuwa penseli za watoto wa Ulaya. Huko Marekani nako, ule mti wa Virginia ulipoadimika mwanzoni mwa karne ya 20, watengenezaji wa penseli walizunguka mashambani wakinunua nyua za zamani na mabanda ya wakulima ili wapate mbao. Ninapofikiria hao wanunuzi wa nyua namwona baba na matundu yake ya misumari, ingawa yeye alikuwa mtu mmoja na mkokoteni wa kukodi. Milima ya Lebanoni imebakiwa na vichaka vya mierezi vya kuhesabika. Kimoja kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998. Mwerezi wa Atlas uliorodheshwa mwaka 2013 kuwa mti ulio hatarini kutoweka. Kwa haki ya Mungu niseme pia kwamba mafuta mengi ya mbao hizi hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye vumbi la msumeno na mabaki ya viwandani, vitu ambavyo vingetupwa. Lakini mabaki hayawi mabaki mpaka kuwe na gogo.

Halafu nikagundua kwamba inawezekana kabisa kichupa changu hakina mti wowote ndani yake.

Katika miaka ya 1970 wanakemia wa kampuni moja ya Marekani walitengeneza kitu wakakiita Iso E Super. Kinanukia kama mbao za mwerezi, lakini laini zaidi, kama mbao zilizofunikwa kwa kitambaa. Kimejaa kwenye pafyumu nyingi, za bei mbaya na hizi zetu za kupima. Mwaka 2006 mtengeneza manukato wa Ujerumani, Geza Schoen, alithubutu kukitia chenyewe tu kwenye chupa na kukiuza kwa jina la Molecule 01, na watu wakainunua. Ajabu yake ni hii: baadhi ya watu hawakinusi kabisa. Wengine wanakinusa, kinapotea, kinarudi. Mvaaji anaweza kudhani amejipaka maji, huku jirani yake akimwuliza umepaka nini leo.

Nilikasirika nilipojua hayo, nikihisi nimeuziwa kivuli. Nimelia moyoni miezi kwa ajili ya kitu cha kiwandani! Siku hizi sina hasira tena. Kama kuna harufu inayoniletea baba bila msitu wa Magamba kupungua hata tawi, sioni nilichoibiwa. Picha ya baba iliyoko ukutani nayo ni karatasi na wino, na hakuna anayeidai iwe na nyama.

Linalobaki gumu ni lile la mvaaji kutonusa, kwa sababu lilinifika mimi mwenyewe, na si kwa ajili ya Iso E Super peke yake. Pua huzoea. Ikikaa na harufu moja dakika kadhaa huacha kuitangaza, ndiyo maana mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake. Wiki ya kwanza nilinusa mkono wangu kila nilipofungua daftari. Wiki ya tatu nikawa napata ukitoka tu kwenye chupa. Mwezi wa pili hola. Nikaongeza matone: manne, sita, tisa. Asubuhi moja ndani ya daladala ya Mbagala mama mmoja akafungua dirisha mvua ikinyesha, na konda akasema kwa sauti ya abiria wote kusikia, "Kaka, hiyo chupa umebakiza kweli?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta baba yangu, na gari zima lilikuwa limeshampata isipokuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza neno moja. Kiswahili kina maneno mawili hapa: jalala hunuka, ua hunukia. Tulifundishwa hivyo shuleni tukakariri. Lakini litazame neno lenyewe. Pika, pikia. Imba, imbia. Lia, lilia. Kile kiambishi humwingiza mtu mwingine kwenye tendo: unampikia nani, unamwimbia nani. Nuka, nukia. Sidai kwamba wahenga walikaa kikao wakapitisha azimio, na pengine wataalamu wa sarufi wataninyoa bila maji. Ila mimi nasikia hivyo: anayenuka ananuka kivyake, anayenukia ananukia mbele ya mtu.

Watu wa pwani wanalijua hili bila sarufi. Kwenye maulidi wanakunyunyizia marashi wewe uliyealikwa. Nguo hufukizwa udi juu ya chetezo zikavaliwe mbele ya mtu. Na tulipomwosha baba alitiwa karafuumaiti. Jina lenyewe linasema waziwazi, karafuu ya maiti, manukato ya mtu ambaye hana haja tena ya pua. Wako watakaosema ni ya malaika, nami sibishi. Ninachojua ni kwamba sisi tuliobeba jeneza ndio tuliorudi nayo kwenye mikono.

Kwa hiyo rafiki yangu mwandishi ana haki nusu. Harufu ya baba haikuwa mali yake hata yeye. Sidhani kama aliisikia, akiwa amekaa ndani yake saa kumi kwa siku. Alikuwa anaitoa tu, kama taa ya jirani inavyomwangazia mpita njia. Kwa maana hiyo siwezi kumwibia. Lakini mbona basi naogopa? Kama manukato ni ya wanaonusa, basi mwenye kuvaa anawagusa watu bila kuwaomba ruhusa. Kwenye daladala gharama yake ni dirisha. Kwingine ni zaidi ya hapo.

Idi iliyopita nilipanda basi kwenda nyumbani. Nilikuwa nimejipaka alfajiri, kwa mazoea, matone matatu, bila kuwaza lolote. Jua linazama ndipo nikafika. Mama alitoka mlangoni akiwa na upawa mkononi. Nikainama kidogo, "Shikamoo, mama." Akaanza, "Mara..." halafu akanyamaza. Akanitazama begani, si usoni. Kisha akageuka akarudi jikoni, na marahaba yangu hadi leo sijaipata kamili.

Dada yangu alinivuta nyuma ya nyumba. "Wewe una akili kweli? Unakujaje na harufu ya baba?"

"Harufu gani?" nikamwuliza. Na wallahi sikuwa nafanya ujanja. Nilikuwa siisikii.

Usiku ule nilioga kwa sabuni ya mche, nikajisugua shingo mpaka ikawasha. Nililala katika chumba ambacho kasha moja la baba bado lipo. Nilifungua mfuniko nikaingiza kichwa. Limezeeka, mbao za ndani zimekauka juu, na kinachonukia zaidi sasa ni kanga za mama. Fundi yeyote angekwambia lipigwe msasa kidogo ndani, harufu itaamka. Miaka yote hii hakuna aliyelipiga msasa. Nilifikiri hapo zamani kwamba ni uvivu wetu. Usiku ule nikajiuliza kama mama ndiye aliyeamua lisiguswe, kama alikuwa ameiacha harufu ile iondoke polepole, kwa mwendo anaoumudu, nami nimekuja na kichupa cha elfu tano kumrudisha mtu wake mlangoni bila kumwandaa.

Siku ya Idi sikujipaka. Siku ya pili yake pia. Mama alikuwa mchangamfu, anatugawia pilau, anamtania dada kuhusu uchumba. Hakusema neno juu ya jioni ile, nami sikuthubutu.

Siku ya tatu nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Bila kuinua macho akaniuliza:

"Ile ya juzi, leo hukupaka?"

Nikamwambia nimeiacha, maana niliona imemuumiza.

"Nimekuuliza umepaka au hukupaka."

"Sijapaka, mama. Halafu si mwangati wa kweli ile. Ni dawa za viwandani tu, wanachanganya huko."

"Kwani mimi nimekuuliza imetoka wapi?"

Niliingia ndani nikakitafuta kichupa kwenye begi. Nilijitia tone moja shingoni, nikarudi nikavuta kigoda kingine nikakaa karibu naye. Kwa kuwa zilikuwa zimepita siku, niliinusa vizuri kwa dakika chache, kisha ikanipotea kama kawaida. Yeye aliendelea kuchambua, polepole, mchele uliokuwa umeshakuwa safi.